Mpira wa Pumzi na Mpira wa Breki

Nyinyi vijana wa gereji, hebu niambieni: mtu akikupa mipira miwili ya gari, ile ya mrija ipitishayo hewa, yote myeusi, yote unene mmoja, yote imetoka injini moja, utajuaje upi wa breki na upi wa pumzi? Usinitazame juu, jibu halipo kwenye dari. Nami nalitazama juu siku moja, na hiyo dari haikunisaidia.

Mimi ni Mwanasiti, wengi wenu mwaniita Bi Siti wa Viti. Mwezi uliopita nimeitundika shazia yangu kwenye msumari, ile sindano kubwa ya kushonea viti, kwa kuwa vidole havitaki tena. Mkaniandalia chai na mahamri, mkasema, "Bibi, tupe neno." Neno moja mimi silijui, nayajua mengi, ndipo mjukuu wangu Zuhura akakaa na daftari niseme yeye aandike. Mimi skuli nalisoma miaka miwili, na chuoni nikafika juzuu ya tatu. Jina langu naliandika vizuri, lakini karatasi nzima, la, yanipa kizunguzungu.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Cheo sikupewa, na mshahara ukishaliwa hauna hadithi.

Basi. Nalikuwa mwanamke kijana, nimeachwa na mume, nimerudi kwa mama pale Likoni upande wa Bofu na mtoto mmoja mgongoni. Huyo mtoto ndiye mamake Zuhura. Nikawa nashona kofia za viua, zile za matundu matundu yanayozungushiwa uzi mmoja mmoja. Ukishona kofia miaka mitano, vidole vyako vyapata macho. Naliweza kushona huku natazama mlango nani apita.

Fundi Rashidi, Mdigo wa huko huko Bofu, alikuwa na gereji chini ya banda la makuti njia ya kwendea feri. Akaja kuchukua kofia yake, akaigeuza ndani nje, nje ndani, akatafuta fundo asilione. Akasema, "Mwanangu, mkono huu wapotea kichwani mwa watu. Njoo unishonee viti vya gari."

Aliyesema ni Kaka Bakari, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba baada ya baba kufa. Kaka Bakari alikuwa akifanya kazi pale feri, ndiye akisimama mbele akiongoza magari yapande. Mtu wa kupungiwa mkono na kila dereva, basi kichwa kilikuwa kikubwa kidogo, Mungu amrehemu.

"Gereji?" akasema. "Dadangu akakae na wanaume wanaonuka grisi?"

"Atakaa ndani ya gari ashone," Fundi Rashidi akamwambia. "Milango miwili imefungwa. Hata nyumbani hana stara kama hiyo."

Kaka Bakari akacheka kidogo, akakubali kwa nusu mdomo. "Lakini nikisikia aibu moja, Siti, aibu moja tu itakayotoka gereji ile, warudi kwenye kofia zako. Wallahi sirudii."

Nikasema, "Abee, kaka." Ungesema nini wewe?

Siku ya kwanza nalivua buibui nikalitundika kwenye msumari, nikaambiwa nianze na kiti cha lori. Nikavunja sindano tatu kabla ya adhuhuri. Ngozi ya kiti si kitambaa cha kofia. Kombo, fundi wa pili pale, mtu mzima mwenye masharubu kama mabano, akanipigia makofi. "Bi Siti, hiyo ya nne itavunjika saa ngapi, tukae karibu?" Fundi Rashidi akamnyamazisha kwa jicho, akanipa maharazi ya washona viatu na hiyo shazia. "Toboa kwanza, kisha shona," akaniambia. "Usilazimishe. Kitu kikikataa, kina sababu yake." Neno hilo nimelitumia kwa ngozi, kwa mipira, na kwa waume wawili.

Sasa mimi nimekaa ndani ya gari nashona, wao wako nje wamefungua boneti, maneno yao yote yanipitia masikioni. Mwanamke akikaa mahali siku nyingi hujifunza, hata asipofundishwa. Nami Fundi Rashidi alinifundisha. Alikuwa hapendi kusema peke yake. Akinyoosha mgongo, akaniita nije nitazame, akasema:

"Siti, injini ni kama mtu. Yavuta pumzi na yatoa pumzi. Ukijua mpira huu ni wa kuvuta au wa kutoa, ushajua nusu ya gari."

Na mipira ya gari nyingine ni mingi, iko huku na huku kama nywele za asubuhi. Ukifungua injini yote yatoka. Kombo alikuwa akiandika kwa chaki, lakini chaki na mafuta havikai nyumba moja. Mimi nikatoa rai yangu. Nikaleta nyuzi zangu za kofia, nikafunga uzi mwekundu kwenye mpira na mwekundu mwingine pale unapochomekwa. Wa pili nikafunga uzi mweupe na mweupe. Wa tatu kijani na kijani. Kurudisha ni kulinganisha rangi tu. Fundi Rashidi alifurahi mpaka akaleta wenzake wa Changamwe waje kutazama. "Huyu ni wangu," akasema, kama mtu aliyenunua redio.

Nami nikavimba. Nisiseme uongo, nalivimba.

Ikaja ile gari ya daktari. Daktari mmoja Muhindi, mtu mpole, alikuwa na zahanati upande wetu wa Likoni na nyumba ng'ambo, kwa hivyo kila siku ya Mungu alikuwa akivuka na feri. Gari yake ilikuwa ya spoti, nyekundu, viti viwili, fupi chini hata mbuzi ataweza kuiruka. Haikuwa mpya, ilishapita mikono miwili mitatu, lakini ukiiona imesimama wadhani yaenda. Ilikuwa mwaka mmoja na kitu kabla ya Uhuru, na ilikuwa mwezi wa Ramadhani.

Injini ilikuwa imeingia masizi, yataka kufunguliwa kichwa isafishwe. Basi kabla ya Kombo kutia spana nikafunga nyuzi zangu. Niwaeleze mipira yenyewe kama niijuavyo leo, siku hiyo sikuijua hivi, maana ndiyo hadithi. Kulikuwa na kipaipu chembamba kitokacho kwenye kabureta kwenda kwenye kikopo kidogo ubavuni mwa distributa. Hicho huwahisha moto wa plagi gari ikiwa mbioni. Hicho hakipotei, ni chembamba peke yake. Kisha kuna mipira miwili minene. Mmoja watoka pale injini inapofyonza kwa nguvu, waenda kwenye kopo kubwa la breki. Injini hulifyonza kopo lile, ndipo dereva akikanyaga mguu wake usichoke. Huo ndio mpira wa breki. Wa pili watoka juu ya kava la injini, waenda kwenye ea klina, kile kichujio cha hewa. Huo wachukua ule moshi wa mafuta uliofungika tumboni mwa injini, wairudishia yenyewe iunguze tena. Gari nyingi wakati huo zilikuwa zikiumwaga tu chini njiani, watu wavute. Gari hii ilikuwa na adabu. Huo ndio mpira wa pumzi.

Vinywa vinne, mipira miwili. Mwekundu breki, mweupe pumzi, na kijani kile chembamba.

Nikarudi kwenye kiti changu. Kazi ikenda siku tatu. Siku ya nne Kombo aniita.

"Bi Siti, njoo usome nyuzi zako."

Nikaja. Yeye kwa kutaka usafi alikuwa ameosha kila kitu ndani ya karai moja, la mafuta ya taa yaliyokwisha kuwa meusi tii. Injini yenyewe ameipiga brashi. Mipira yang'aa. Na nyuzi zangu zote nyeusi. Nyekundu nyeusi, nyeupe nyeusi, na ile ya kijani ungeapa ni ya buibui.

"Upi wa breki?" Kombo akauliza.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Sikujua. Nalisimama pale, sijui. Na wawili katika wenzake Fundi Rashidi wa Changamwe walikuwa wamekuja siku hiyo kututazama, wamekaa juu ya matairi, wale wale walioambiwa "huyu ni wangu." Nikatazama juu kwenye makuti. Kisha nikanyoosha kidole kwa mpira mmoja, kama mtu ajuaye, nikasema:

"Huu."

"Waingia wapi na wapi?"

"Hapa na hapa."

Kombo akakaza. Fundi Rashidi alikuwa amekwenda kuswali. Aliporudi aliona mipira imekaa, klipu zimekazwa, akaniuliza, "Nyuzi zilikuwa sawa?" Nikasema, "Sawa, Fundi." Nalikuwa nimefunga, na nikasema uongo na saumu kichwani.

Gari ikawaka. Ilitetemeka kidogo na moshi wa buluu ukatoka nyuma, lakini Kombo akasema ni mafuta ya kuoshea yaungua, itatulia. Fundi Rashidi akaipanda ampelekee daktari ng'ambo.

Kilichotokea feri nalikisikia kwanza kwa muuza samli, kisha kwa mama mjane wa jirani, kisha kwa Kaka Bakari mwenyewe, na kila mtu aliongeza chumvi ila Kaka Bakari, yeye hakuhitaji. Maji yalikuwa yamekupwa sana, na maji yakikupwa ile njia ya kuteremkia feri huwa mteremko wa kweli. Fundi Rashidi akateremka. Kaka Bakari amesimama mbele, mkono juu, amwambia njoo, njoo, basi simama. Fundi akakanyaga breki. Breki ikawa ngumu kama jiwe la kusagia. Akasimama juu yake kwa miguu miwili. Gari ikasimama shubiri moja kutoka miguu ya kaka yangu. Na hapo hapo ikazimika, na moshi wake, na ikakataa kuwaka. Watu na mikokoteni yao ikabidi waisukume kurudi juu, na feri imengoja, na honi zalia, na mtu mmoja apiga kelele, "Gari ya wanawake hiyo!"

Kaka Bakari alikuja nyumbani kabla ya futari. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

"Siti," akasema, "zimebaki siku sita kufika Idd. Siku ya Idd nitakwenda kwa Rashidi kumpa mkono wa Idd na kumshukuru, na wewe hutarudi tena. Nusura univunje miguu. Na watu wasema ni dadangu aliyefunga nyuzi."

Mama akatia uji bakulini. Mimi siku hiyo nalifuturu kwa machozi na tende.

Asubuhi nikafika gereji mapema. Daktari alikuwepo, na Fundi Rashidi amwambia, nimemsikia kwa masikio yangu: "Kosa langu, Daktari. Nilifanya haraka." Mzee wa watu, mvi kidevuni, ajitia kosa lisilo lake. Daktari akasema mambo hutokea, akenda zake kwa miguu chini ya jua na mkoba wake. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nikamwambia, "Fundi, si kosa lako. Nyuzi zilikuwa nyeusi. Sikujua, nikasema 'huu'."

Akafuta mikono kwa tambara. Nikadhani sasa ndiyo naambiwa chukua buibui lako. Akasema, "Ulijua kuwa hujui?"

"Nalijua."

"Basi hujapotea. Mtu asiyejua kuwa hajui ndiye huua mtu." Kisha akamgeukia Kombo. "Na wewe, masharubu, karai moja kwa mipira yote?" Kombo akawa na kazi nyingi ghafla kule nyuma.

Tukaanza upya. Kitabu cha gari hakuna, na siku za kawaida Fundi Rashidi angejua mipira kwa kinywa. Alikuwa akitia mpira mdomoni akiufyonza, akionja, akajua. Lakini ni Ramadhani. Ladha ya mafuta ikikupita kooni saumu yako imekwenda, na mzee yule hakuwa mtu wa kuuza saumu yake kwa gari nyekundu. Akakaa na mpira mkononi, autazama tu kama mtu atazamaye muwa saa tisa alasiri.

Akaniambia, "Siti, usitegemee mdomo wangu wala ulimi wangu. Tumia vidole."

Akaiwasha injini, sasa imepoa, ikakubali. "Shika huu." Nikaushika ule mpira niliousema wa breki, ule uliochomekwa pale pa kufyonza. Mwanangu we! Ulikuwa laini, na katikati umebonyea ndani, kama shavu la mtoto afyonzaye ubuyu. Nikaushika wa pili. Mgumu, mnene ukuta wake, nikiuminya nasikia ndani kuna kitambaa kimefumwa. Mimi kitambaa nakijua hata kikiwa ndani ya ukuta wa nyumba.

Nikasema, "Fundi, huu laini hauwezi kufyonzwa. Wajifunga wenyewe. Ule wenye kitambaa ndani ndio uliotengenezwa kwa kufyonzwa."

Hakusema ndiyo. Akasema, "Hiyo ni mipira. Na vinywa?"

Akaizima. Nikatoa uzi mweupe wa kofia, mpya, nikautia kwenye shazia, nikaanza kuiingiza kwenye kila kinywa, nazungusha, natoa. Kinywa cha kwanza, cha juu ya kava: uzi ukatoka mweusi wa mafuta, wanata. Cha pili, cha ea klina: rangi ya hudhurungi, kama kitambaa cha kuchujia kahawa. Cha tatu, pale pa kufyonza: wanuka petroli. Cha nne, kwenye lile kopo kubwa: mkavu. Ulitoka mkavu na mweupe, na kivumbi kidogo tu.

Nikazipanga nyuzi nne juu ya kiti kilichong'olewa. Hakuna aliyeniambia. Nikasema, "Penye mafuta ndipo pumzi itokapo. Penye hudhurungi ndipo yaingia. Kopo hili halijaona mafuta tangu lizaliwe, basi ni la breki, na lake ni pale pa kufyonza. Mimi nilichukua mpira wa pumzi nikautia kwenye kufyonza, injini ikawa yavuta moshi wa tumbo lake yenyewe. Na breki nikaiunga na ea klina isikofyonzwa na mtu. Ndipo ikawa jiwe, na ndipo gari ikazimika. Kosa moja limezaa pacha."

Fundi Rashidi akasema neno moja: "Alhamdulillahi." Akainuka kwenda kuosha mikono.

Tukabadilisha. Moshi wa buluu ukakoma, breki ikalainika. Lakini gari ikisimama injini yawaka, bado yatetemeka, kwa mbali, kama mtu mwenye homa ya kumalizia. Tukatafuta sababu siku tatu, zikabaki mbili kufika Idd.

"Kuna mahali hewa yaingia," Fundi akasema. "Tundu dogo. Siku nyingine ningepuliza mpira majini, lakini kupuliza ni kwa mdomo ule ule, na huu mpira bado una mafuta."

Nikafikiri nguo za Idd. Mama alikuwa nyumbani azifukiza ubani. Nikasema, "Fundi, nipe saa moja." Nikaenda nyumbani, nikarudi na chetezo chini ya buibui.

Kombo aliponiona naweka makaa alijishika mbavu. "Fundi, njoo! Bi Siti yuwapunga gari! Bi Siti, pepo wa gari huyu ataka nini, sinia ya halua?"

"Ataka mwanamume aoshaye mipira akajua aoshalo."

Moto na petroli ni maadui, msije mkaniiga upumbavu. Nilikaa mbali kabisa, upande wa kisima, na mpira wenyewe nimeung'oa nikaukausha. Nikatia ubani kwenye makaa, nikafunika kwa faneli ya bati ya kutilia maji, nikachomeka mpira wa breki kwenye mdomo wa faneli. Mwisho wa pili nikaziba kwa kidole gumba. Moshi ukapanda, ukajaa, hauna pa kwenda. Fundi Rashidi amekaa kando amegeuza pua, asije akavuta moshi akafungua saumu yake bure, lakini macho kayageuza huku huku.

Na karibu na mwisho, pale klipu ilipokuwa ikiubana miaka yote, ukatoka uzi wa moshi. Mwembamba, mweupe, umesimama wima. Hata Kombo akasogea kutazama.

Mpira ulikuwa na urefu wa kuzidi. Tukakata ule mwisho uliopasuka, upana wa vidole viwili, tukachomeka, tukakaza. Ikawashwa. Wallahi nawaambia, niliweka kikombe cha maji juu ya kava na maji yakatulia kama yako mezani kwa kadhi. Ila gari nzima ilinuka harusi, na daktari alinuka harusi wiki mbili zilizofuata. Wagonjwa wake walifurahi.

Siku ya mwisho ya mfungo, watu wamejaa wavuka kwenda kununua vya Idd, maji yamekupwa vile vile. Fundi Rashidi akaniambia, "Panda." Nikavaa buibui langu, nikakaa kiti cha pili, kiti nilichokishona mwenyewe. Tukafika juu ya mteremko. Kule chini, mahali pale pale, Kaka Bakari amesimama na mkono juu. Akaitambua gari. Akanitambua na mimi. Mtu mwingine angejisogeza pembeni. Yeye hakusogea hata kidole.

"Fundi," nikasema, "taratibu."

"Taratibu haitoi ushahidi," akasema, akaiachia.

Nikafumba macho. Nikasikia mguu wake wakanyaga, mara moja, mguu mmoja, na gari ikakaa chini kama ngamia aliyeambiwa. Nikafumbua. Kati yetu na kaka yangu palikuwa na pahali pa kutandika mswala. Injini yanguruma kwa upole, haina habari.

Kaka Bakari akaja, akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza. Mtu wa feri huzijua injini kwa kiganja. Nyuma yetu lori lilipiga honi, dereva ataka tusogee. Kaka Bakari akainua kichwa akamkaripia: "Ngoja wewe! Mpishe fundi apande!"

Tukapanda. Fundi Rashidi akanong'ona, "Umesikia?"

"Amekuita fundi."

"Mimi kaka yako huniita Rashidi, miaka kumi sasa."

Siku ya Idd Kaka Bakari alikwenda kweli gereji kutoa mkono wa Idd. Alikula tambi, akanywa kahawa, akaondoka. La kunitoa mimi hakulitaja, siku hiyo wala siku yoyote. Ila kofia aliyovaa ilikuwa yangu, na alimwonyesha Kombo ndani na nje.

Kutoka hapo niliacha rangi. Rangi yaliwa na mafuta, fundo haliliwi. Breki fundo moja, pumzi mafundo mawili, kile chembamba mafundo matatu, na kila kinywa na mafundo yake. Hata gizani, hata macho yakichoka, kidole chahesabu. Mwaka wa Uhuru watu wa Likoni walipokuwa wapiga ngoma na vigelegele, daktari alipita polepole na gari ile imefungwa bendera mbele, na wenzangu wanacheza, mimi nimeinama barabarani natega sikio. Haikutetemeka. Basi hapo ndipo na mimi nikapiga kigelegele, na sijui hata leo nilikuwa namshangilia nani kwanza.

Viti nimeshona vingi baada ya hapo, na injini nimezisikiliza nyingi, lakini mwasema niwape neno, na neno langu ni la siku ile.

Zuhura huyu anayeandika ni fundi kule Changamwe. Ana kimashine cha kuchomeka kwenye gari kikamwambia ugonjwa. Juzi alikuja nyumbani amenuna. Mbele ya mwenye gari na wenzake aliulizwa mpira fulani ni wa wapi, na kimashine kimenyamaza.

Nikamuuliza, "Ukasema nini?"

Akatazama juu kwenye dari. Nikajua.

Nikamsimulia haya yote, na nikampa shazia yangu na kibuyu cha nyuzi nyeupe. Akauzungusha uzi kwenye kidole. Kisha akasema, "Bibi, kesho asubuhi nitamrudia yule mwenye gari nimwambie kweli. Na kutoka leo, siku nisiyojua, sitasema 'huu'. Nitasema 'sijui', kisha nitatoa uzi wako."